Mkunga wa Topeni

Dija mwanangu,

Salamu tulikwisha kupeana asubuhi, kwa hiyo sirudii. Mambo ya chandarua, ya kufua, ya kutokula ovyo njiani, shangazi zako wameyasema mpaka yamekwisha. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa shule, nyumba imetulia, nami nimekaa hapa uani na karatasi. Naandika kwa sababu tukizungumza ana kwa ana huwa nakasirika kabla sijafika ninapokwenda. Wajua.

Nina wivu, Dija. Sisemi nilikuwa nao zamani. Ninao leo, na kesho utapanda basi ukiniacha nao. Nataka ujue wivu huu umetoka wapi na umekaaje humu ndani, usije ukasikia kwa watu ukadhani mama yako alikuwa mtu wa chuki tu.

Baba yako alipomwoa Somoe, ulikuwa bado hujaanza shule. Alimweka Msimbati, kwao, kwa sababu yeye baba yako alikuwa akinunua samaki huko na hakutaka kulala vibandani. Mimi nikabaki nawe hapa Rahaleo. Wivu wa mke mwenza watu wanaujua, wanaucheka, wanauimbia kwenye ngoma. Huo niliuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Unatafunia upande wa pili, maisha yanaendelea. Baba yako alipofariki nikakaa eda nikiamini kwamba sasa yamekwisha, mwenye kugombewa ameondoka. Nikatoka eda nikaukuta wivu unanisubiri mlangoni, mzima, tena umenenepa. Ndipo nikajua kwamba haukuwa wa baba yako. Ulikuwa wako wewe.

Ulianza siku ile uliporudi kutoka likizo ya Msimbati, mtoto mdogo, magoti yamechubuka kwa mawe. Nilikuwa nimekupikia wali wa nazi na ming'oko, vile viazi vya porini ulivyovipenda. Hukumaliza kula. Ulikuwa na maneno mengi mno ya Somoe, Mama Mdogo wako. Mama Mdogo amenipeleka mwambani maji yalipokupwa. Mama Mdogo amenionyesha mkunga, samaki mrefu kama nyoka anayekaa matunduni. Mama Mdogo anasema mkunga akifungua mdomo hatishi mtu, anapumua. Yuko mmoja mweupe mwenye madoa meusi kama chui, yuko mmoja mkubwa wa kahawia, na yuko mdogo mwenye maua maua anayekula kaa kwenye maji mafupi. Kila mmoja ana tundu lake na Mama Mdogo anayajua matundu yote. Ukalala ukinieleza. Nami nikabaki na sahani ya ming'oko.

Likizo iliyofuata nilikukatalia kwenda. Nilikwambia mikunga wanang'oa vidole, na ni kweli wapo wachokoa pweza waliopoteza vidole wakiingiza mkono kwenye tundu wasilolijua. Ulilia, ukanyamaza, ukaanza kuchora. Ukutani, kwenye madaftari, kwenye mchanga wa uani. Mikunga tupu. Nilipoona hivyo nilikuachia uende likizo zote zilizofuata, kwa sababu mtoto aliyekaa kwangu huku moyo uko Msimbati alikuwa ananiumiza zaidi kuliko aliyekwenda.

Mimi bahari siijui. Kwetu Mahurunga sisi ni watu wa mihogo na mikorosho, na maji yetu ni mto. Lakini Ruvuma nao una mwisho wake, na huko mwisho niliwahi kufika nikiwa na umri kama wako wa magoti yenye michubuko. Bibi yako alikuwa akienda kwenye dago, kambi ya wavuvi wa kamba karibu na mdomo wa mto, anapeleka unga anarudi na kamba waliokaushwa. Siku moja alinichukua. Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa mkondo mmoja ulioingia kwenye mikoko, maji yanajaa polepole, na pale kwenye tope nikaona kitu kimesimama. Kichwa cha kijivu, chembamba, kimeelekea juu. Nilidhani ni kisiki cha mkoko. Maji yakapanda kidogo, nacho kikapanda. Yakapanda tena, kikapanda tena, kana kwamba kuna mtu chini anakisukuma. Kilikuwa na macho madogo. Nikamuuliza bibi yako ni nini. Akanishika mkono akanivuta, akasema nyoka, usimnyooshee kidole. Hatukurudi pale.

Nilikaa na kichwa kile miaka yote. Sikumwambia mtu, maana hakuna aliyeniuliza. Mpaka Idi ile ya mwaka jana, ulipokuwa umemaliza shule na sote tuko hapa mkekani, wewe, mimi na Somoe, mnazungumza mikunga yenu. Sijui nini kilinifungua mdomo. Nikasema, hata mimi nimewahi kumwona mkunga, nikaeleza kama nilivyokueleza sasa.

Somoe alinisikiliza vizuri. Hana kiburi yule mwanamke, na hilo nalo linanichosha. Akasema kwa upole, "Dada, mkunga hakai topeni. Mkunga anataka jiwe."

Nami nikakutazama wewe. Nilitaka useme, labda Mama ameona kitu. Ukasema huenda alikuwa mkunga wa mtoni, wale wanaovuliwa juu huko kwenye maji baridi, au alikuwa nyoka kweli kama bibi alivyosema, na kwamba mtoto akiogopa huona mambo. Ulisema vizuri, kwa heshima. Ulisema kama mwalimu asiyetaka kumvunja moyo mwanafunzi anavyomsahihisha. Nilikusanya vyombo nikaenda kuosha, na niliviosha muda mrefu kuliko vilivyokuwa vichafu.

Kesho yake nilimpigia simu mjomba wako Issa. Wakati huo alikuwa ameacha shamba kwa wanawe, yeye anashinda dagoni kule mdomoni mwa mto. Nilimwambia, kaka, ukimpata yule mnyama mrefu wa topeni usimuue wala usimtupe. Nipigie. Akanicheka, akaniuliza nataka kumfanyia dawa gani. Nikamwambia we nipigie tu.

Hukujua hilo, ndiyo maana alipopiga simu mwisho wa mvua ulishangaa kuniona nafunga kanga haraka. Mnyama aliingia kwenye wavu wa kamba usiku, wakamweka kwenye mtumbwi wa zamani walioujaza maji. Nilikwambia twende. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuiona safari yetu yote: mimi na wewe tu, mimi natangulia, wewe unafuata, mimi ndiye ninayejua njia. Wewe ukasema, "Tumpitie Mama Mdogo." Alikuwa amekuja mjini, yuko Chuno kwa dada yake. Ningeweza kukataa. Nilikutazama ulivyokuwa umeng'aa, nikashindwa.

Tukaenda watatu. Unakumbuka tope lile. Somoe alizama hadi magotini akawa anacheka, mtu wa mchanga na mawe, hajui kutembea topeni. Nilimshika mkono nikamfundisha kuburuta mguu badala ya kuunyanyua. Nakiri nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kumfundisha kitu mbele yako.

Kule dagoni wanaume walikuwa wamesimama mbali na mtumbwi. Mmoja ameshika panga. Walisema ni nyoka, auawe kabla hajamuuma mtu, na Issa peke yake ndiye aliyekuwa amewazuia, naye uvumilivu ulikuwa unamwishia. Mimi nikaenda nikachungulia. Dija, alikuwa yeye. Kichwa kile kile chembamba, macho yale yale madogo, rangi ya tope lenyewe, bila doa hata moja. Mwili umejikunja ndani ya mtumbwi mara kadhaa na bado haujaisha. Angenyooshwa angempita Issa kwa urefu pamoja na mkono wake ulioinuliwa. Nilitaka kusema, mnaona. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote, na sikuwa na neno moja la kumtetea. Yule mwenye panga aliniuliza, "Sasa mama, huyu ni nini?" Nikamwambia tu kwamba niliwahi kumwona.

Somoe ndiye aliyejibu. Alijifunga kanga yake mkwiju, ikakaza kiunoni, akaomba gunia lililolowa, akachuchumaa. Hakumshika kwanza. Alimwacha atulie, akamfunika kichwa kwa gunia taratibu, kisha akakuita wewe. Akakuuliza kama ana magamba. Ukapitisha kiganja, ukasema hana, ni utelezi mtupu. Akakwambia utazame mkia kama umebapa kama kasia, maana nyoka wa baharini mkia wake ni kasia. Haukuwa. Kulikuwa na pezi moja refu lililotoka nyuma ya kichwa likapita mgongoni mpaka mwisho wa mkia. Akakuuliza shavu la kupumulia likoje. Ukatafuta, ukasema hakuna shavu, kuna tundu tu dogo la mviringo.

"Sasa tafuta mapezi ya ubavuni, nyuma ya hilo tundu," akasema. "Mkunga wa mtoni anayo mawili."

Ukatafuta upande huu, ukatafuta upande ule. Hata mwenye panga akasogea kuchungulia.

"Hana," ukasema. "Mama Mdogo, hana. Huyu ni mkunga wa bahari."

Somoe akakaa pale pale topeni, kanga yote ikachafuka. Akageuka, hakukutazama wewe, akanitazama mimi. Akasema, "Dada, umesema kweli. Mimi nimekaa kwenye mawe maisha yangu yote, nikadhani bahari yote ni mawe."

Alisema mbele ya wanaume wote, kwa sauti ya kusikika. Mtu mwingine angenong'ona. Nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu Idi, na kabla ya Idi, na pengine tangu ulipoiacha ile ming'oko. Na katika kulipokea nikakuona wewe unaruka, miguu imejaa tope, unamkumbatia yeye. Umemshika shingoni unacheka, unasema Mama Mdogo tumempata, tumempata. Mimi nimesimama na haki yangu mkononi, mwanangu, na ilikuwa tupu kama kifuu.

Nilirudi nyuma hatua chache nikajifanya naosha miguu.

Mlimpeleka mnyama kwenye mkondo, Issa na wewe na Somoe, mkamwachia. Alizama, tope likatifuka, akawa hayupo. Halafu ulipiga hesabu za mahali: maji ya chumvi yanafika wapi, ya mto yanaanzia wapi, tope lina kina gani, mikoko gani iko karibu. Jioni ulituma picha kwa yule bwana mtaalamu wa samaki uliyemfahamu shuleni. Alikujibu kwa furaha. Alisema yupo kweli mkunga mrefu anayekaa kwenye tope na midomo ya mito, hapendi mwamba, na husimama tunduni akifuata maji yanavyopanda na kushuka. Ukanisomea jibu lile. Uliposoma hapo pa kusimama na kufuata maji, sauti yako ilipungua, ukaniangalia. Ulikuwa umekumbuka maneno yangu ya mkekani. Ulisema, "Mama, ndivyo ulivyosema." Nikakwambia ndiyo, nikaenda kugeuza mihogo jikoni. Ningekaa. Ningekwambia, ngoja nikusimulie tena. Ulikuwa umenifungulia mlango na mimi nikaenda jikoni. Hilo linanikereketa kuliko yote yaliyotokea topeni, na ndilo ninaloomba usilirithi. Mtu akikupa, pokea, hata kama amechelewa, hata kama amempa mwingine kwanza.

Tangu siku ile ukasema unataka kusomea bahari, na chuo cha Unguja kikakukubali. Majirani walipokuja kutupongeza, Mama Rukia alisikia vibaya. Alinishika mikono akasema hongera, mtoto anakwenda kusomea ukunga, atatuzalishia wajukuu. Nilimjibu amin. Sikumwambia kwamba ni mikunga, si wakunga. Bibi yako alikuwa mkunga wa kuzalisha, nusu ya Mahurunga ilipita mikononi mwake, na kwa siku moja nzima nilijiachia kuamini kwamba unakwenda kushika kitu cha upande wangu.

Halafu kukawa na ile dua ya kukuaga, na shehe akakuuliza mbele ya watu ni nani aliyekutia hamu ya elimu hii. Ukasema ni Mama Mdogo. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nikangoja. Ukaongeza kwamba ni Mama Mdogo, tangu ukiwa mdogo, kule Msimbati. Basi. Watu walipotawanyika nilikuuliza, na mimi je? Ukajibu bila ubaya wowote, "Na wewe ulikuwepo, Mama."

Nilikwambia, "Nilikuwepo kabla yenu wote." Ukadhani nimekasirika juu ya baba yako na mambo ya zamani. Sivyo. Nilikuwa nasema juu ya mkondo ule na kichwa kile. Nilikuwepo pale kabla ya Somoe kujua kuna tope duniani, kabla wewe hujazaliwa. Nilikuwa na macho kama yako, na swali kama lako, nikashikwa mkono nikavutwa. Bibi yako hakunivuta kwa ubaya. Aliogopa. Lakini hakuna aliyenirudisha.

Kwa hiyo lipo na hili, na nilikuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua. Somoe namwonea wivu kwa ajili yako, hilo kila mtu anaweza kulielewa. Lakini nakuonea wivu na wewe. Uliuliza kitu kile kile nilichouliza mimi, ukapewa mtu wa kuchuchumaa nawe na kukwambia tafuta mapezi. Sasa unapewa hata bahari nzima, na walimu juu yake. Nimekushonea nguo za safari huku najiuliza mimi ningekuwa nani. Mama hapaswi kumwonea mwanawe wivu; nimeambiwa hivyo na nafsi yangu mara nyingi. Nafsi haisikii. Niligundua kwamba nikiufukuza unarudi na njaa zaidi, basi nimeuacha ukae, naufanyia kazi zangu huku unanitazama. Hiyo ndiyo elimu yangu yote juu yake. Ukija kuwa nao huko, na utakuwa nao, maana wapo watakaojua zaidi yako na watakaopendwa zaidi yako, usijidanganye kwamba ni uchovu au ni homa. Uite jina lake, kisha ushike kazi yako.

Jambo la mwisho limetokea leo baada ya Adhuhuri, ulipokuwa kwa fundi. Somoe alikuja. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akakaa kizingitini. Aliniuliza basi linaondoka saa ngapi, nikamwambia. Kisha akasema hatakuja stendi. Alisema, "Mwanao muage mwenyewe, Dada. Mimi nimeshamuaga."

Neno lile nimelitamani tangu ukiwa mtoto. Nilipaswa kusema haya, ahsante, nikafunga mlango nikacheza. Lakini nilimwangalia alivyokuwa anavuta uzi wa kanga yake, na nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Sijui nitasimama wapi. Nikisimama karibu nitakuudhi. Nikisimama mbali atanitafuta."

Somoe hakujaaliwa mtoto, hilo unalijua. Nililijua na mimi, miaka yote, na nitakwambia ukweli, zipo siku lilinifariji. Leo halikunifariji. Nilimwona alivyokuwa amekupima, amenipima na mimi, akatafuta mahali pake stendi nzima akakosa. Nikasikia wivu wangu unasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi bila kusimama.

Nikamwambia aje. Nikamwambia asimame kushoto kwangu, pale pale, asiende nyuma wala mbele. Lakini wa mwisho kukushika ni mimi. Akacheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akaitikia kwa kichwa.

Basi kesho, mwanangu, anza na yeye. Usiharakishe kwa ajili yangu. Mkumbatie mpaka mridhike, mwambie unalotaka kumwambia, mimi nitatazama magurudumu ya basi. Kisha uje kwangu. Na ukishanishika, usigeuke tena kumtazama. Panda.

Mama yako mzazi,
Zainabu